Lydia: ufalme wa bara uliokuwa ukiitamani pwani

(Haya ni maongezi niliyoyatoa kwa wanafunzi wenzetu wa Afrika Mashariki hapa Izmir. Nimeyaandika vilevile nilivyoongea, nimepunguza tu vicheko na zile dakika za kuhangaika na projekta.)

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Nimeombwa niongelee historia ya huku tunakoishi na najua wengi mlidhani nitaanza na masultani wa Kiosmani, hapana, leo tunarudi nyuma zaidi, miaka 2,600 hivi, tunaenda kwenye ufalme uliokuwa umekaa hapohapo nyuma ya milima mkiangalia mashariki. Unaitwa Lydia, mji wake mkuu Sardis. Watu wa kanisani mnaijua Sardi, ni moja ya yale makanisa saba ya kwenye Ufunuo. Na watu wa msikitini mnamjua Karuni, yule tajiri aliyedidimizwa ardhini na nyumba yake, basi Waturuki walipopata hazina ya zama za Lydia kule Uşak waliibatiza hazina ya Karun, ndo ujue hawa jamaa sifa ya utajiri iliwaganda mpaka leo.

Ila mimi nina ugomvi kidogo na hiyo sifa. Kila mtu akisikia Lydia anawaza dhahabu, mto wenye dhahabu, mfalme Croesus na dhahabu yake, basi imeisha. Naona dhahabu imetuziba macho tusiione ramani. Lydia ilikuwa nchi ya bara. Bandari za maana upande huu zote zilikuwa mikononi mwa Wagiriki, Smyrna, Efeso, Mileto, Fokea, na wafalme wa Sardis walikaa siku zote wanaichungulia bahari kwa mbali bila kuwa na hata jeshi la majini. Mkilishika hilo, mengi yao yanaeleweka yenyewe, kuanzia vita, sarafu, hadi jinsi walivyoanguka.

Fungueni ramani kwenye simu zenu. Ukitoka hapa mjini ukaenda kaskazini kidogo, ukapita Çiğli, unakuta mto Gediz unaingia baharini, zamani uliitwa Hermus. Ufuate kurudi nyuma, Menemen, Manisa, Turgutlu, Salihli, utaona bonde pana, tambarare, zabibu mpaka macho yachoke, hilo ndo tumbo la Lydia lenyewe. Kusini ya bonde kuna ukuta wa milima, Bozdağ, wao waliita Tmolus, kilele chake kina mita 2,159 na wakati wa baridi watu wanaenda kuteleza kwenye theluji. Ng'ambo ya mlima kuna bonde lingine la Küçük Menderes linaloteremka mpaka Efeso, halafu lingine tena la Büyük Menderes, hapo ndo Lydia ilikuwa inapakana na Karia. Mabonde yote matatu yamelala mashariki-magharibi, na si bahati mbaya, ardhi ya huku inavutwa kaskazini na kusini ikapasuka, kama Bonde letu la Ufa, vipande vya katikati vinazama na milima inabaki pembeni. Na ardhi inayovutwa haitulii, wale mliokuwa Bayraklı Oktoba 2020 hamhitaji kuelezwa. Sardis wenyewe mwaka 17 BK uliangushwa na tetemeko la usiku pamoja na miji mingine ya jirani, mpaka Kaisari Tiberio akawasamehe kodi miaka 5 na kuwaahidi sesterse milioni 10 za kujengea.

Mbele zaidi mashariki kuna Kula, huko nchi ni nyeusi, volkano tupu, Strabo aliyeandika zama za Warumi anasema hakuna mti isipokuwa mizabibu, ila mvinyo wake haushindwi na wowote. Mimi mvinyo sinywi kwa hiyo hilo mthibitishe wenyewe.

Sasa faida ya mabonde haya ni kwamba kila mtu anayetoka nyanda za juu za ndani kwenda baharini, awe na sufu ya kondoo, awe na farasi, awe na chochote, lazima apite humo. Na Sardis umekaa palepale mlima unapokutana na bonde, juu kuna ngome kwenye mwamba mkali, chini soko, na katikati kinapita kijito cha Pactolus kinachotoka Tmolus kikiwa na mchanga wenye chembe za dhahabu. Watu wanasimulia kijito tu, wanaiacha barabara. Kijito bila barabara ungekuwa na kijiji cha wachekechaji dhahabu, basi.

Ukoo uliouinua ufalme huu unaitwa Mermnad, na wa kwanza wao ni Gyges, kama mwaka 680 KK. Kisa chake mnakijua au mmekisikia kwa namna nyingine: mfalme Candaules alikuwa anajisifia uzuri wa mkewe mpaka akamlazimisha mlinzi wake Gyges ajifiche chumbani amuone akivua nguo, mke akamuona jamaa anatoka, kesho yake akamuita akampa mambo mawili achague, umuue mfalme unioe au ufe wewe. Gyges akachagua uhai. Hiyo ni ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa zamani, na Herodotus alikuwa anapenda umbea, lakini Gyges mwenyewe si hadithi, yupo kwenye kumbukumbu za Waashuru kwa jina Gugu wa nchi ya Luddi. Mfalme Ashurbanipal anaandika kwamba alifika mjumbe kutoka nchi ya mbali sana ambayo baba zake hawakuwahi kuisikia, na mjumbe alipofungua mdomo pale ikuluni hakuna aliyeelewa lugha yake. Fikirieni, dola kubwa kuliko zote wakati ule, imejaa watu wa kila kabila, halafu hawana mkalimani wa Kilydia! Gyges alikuwa anaomba msaada, Wakimeri, wapanda farasi kutoka kaskazini, walikuwa wanaichoma Anatolia nzima. Baadaye akawageuka Waashuru akapeleka askari kumsaidia mfalme Psamtiki wa Misri, na kama mwaka 644 KK Wakimeri wakarudi wakamuua. Ashurbanipal hakuficha furaha yake.

Lugha yenyewe ni ya ukoo mmoja na Kihiti, haihusiani kwa karibu na Kigiriki ingawa herufi zinafanana. Maandishi yaliyobaki ni mia moja na kitu, mengi ya makaburini. Bahati nzuri watafiti wa Princeton waliochimba Sardis kati ya 1910 na 1914 walipata jiwe lenye maandishi ya lugha mbili, Kilydia na Kiaramu, ndo mlango ukafunguka. Kwenye Kiaramu cha jiwe hilo Sardis unaitwa Sfard, na wasomi wengi wanaona ndo ile Sefaradi ya kwenye kitabu cha Obadia.

Haya turudi kwenye pwani. Kuanzia Gyges na kuendelea, kila mfalme wa Mermnad alipigana na miji ya Wagiriki. Alyattes, aliyetawala miaka hamsini hivi mpaka karibu 560 KK, ndo aliyeivunja Smyrna ya zamani, na Smyrna ya zamani iko wapi, iko Bayraklı hapo, mnaipita na basi kila siku, kile kilima cha Tepekule. Wachimbaji walikuta mpaka tuta la udongo ambalo jeshi lake lilirundika ili lipande ukuta. Mileto hakuiweza. Baba yake alianza, yeye akaendeleza, mwaka hadi mwaka jeshi linashuka wakati wa mavuno kwa filimbi na vinanda, linachoma ngano, nyumba haligusi ili wakulima warudi walime tena na mwakani kuwe na cha kuchoma. Roho mbaya yenye mahesabu! Lakini Mileto walikuwa wanakula kupitia baharini, na baharini Alyattes hana kitu, kwa hiyo ngano ilichomwa miaka 11 na mji haukulala njaa, mwisho wakafanya amani.

Mwanawe Croesus ndo alimaliza kazi, akaanza na Efeso, wenyeji wakafunga kamba kutoka hekalu la Artemi mpaka ukuta wa mji ili wawe chini ya ulinzi wa mungu wao, haikusaidia sana lakini Croesus akalichangia hekalu hilohilo nguzo, vipande vyenye maandishi yake viko London. Alipomaliza miji ya bara akataka kuunda meli ashambulie visiwa. Akaja mzee mmoja mwenye hekima, wengine wanasema Bias, wengine Pittacus, Croesus akamuuliza kuna habari gani, mzee akasema watu wa visiwani wananunua farasi elfu kumi waje kukupiga Sardis. Croesus akafurahi, oh miungu ingewatia wazimu huo, watu wa visiwa waje na farasi kwa Walydia! Mzee akamwambia, na wao unadhani wanaomba nini wakisikia wewe unaunda meli? Mradi ukaishia hapo. Sifa ya Walydia ilikuwa farasi na mikuki mirefu, na bahari walikubali waiache.

Ndo hapa mimi naiweka sarafu. Huwezi kuishika bahari, lakini unaweza kuwafanya wenye bahari watake kitu chako. Sarafu za kwanza za huku zilitokea karne ya 7 KK, vidonge vidogo vya elektro, yaani dhahabu iliyochanganyika na fedha, zimepigwa kichwa cha simba anayenguruma. Zenye ukubwa wa theluthi ya sarafu nzima zina gramu 4.7 hivi, ndogo kabisa zinapotea kwenye kucha. Nyingi za mwanzo zilipatikana Efeso, chini ya hekalu la Artemi, Waingereza walipochimba 1904 na 1905, yaani bara imetoa, pwani imepokea. Na kuna mchezo humo, elektro ya mtoni inakuwa na dhahabu zaidi, ya kwenye sarafu wamepunguza ikawa nusu na kidogo tu, fedha imeongezwa, lakini thamani haikukaa kwenye kupima, ilikaa kwenye simba. Mfalme anakwambia hii ni theluthi, basi ni theluthi. Wataalamu wanabishana zilikuwa za kulipa askari wa kukodi au zawadi au kodi, mimi nasema zote hizo ni mfalme anayetaka watu wasio wake wamfanyie kazi.

Ila mchanganyiko una shida, asiyemjua simba wako anakataa. Croesus akaamua kutenganisha, sarafu za dhahabu safi peke yake na za fedha safi peke yake, safari hii simba na ng'ombe dume wanatazamana. Mwaka 1968 wachimbaji walikuta karakana yenyewe pembeni ya Pactolus, matanuri madogo, vyungu vilivyovunjika, chembe za dhahabu. Namna yao ilikuwa hivi: dhahabu inafuliwa nyembamba, inapangwa kwenye chungu na chumvi, inafunikwa, inapikwa kwa moto wa wastani masaa na masaa mpaka chumvi inaila ile fedha na kuivuta kwenye kuta za chungu, inabaki dhahabu, halafu chungu kinasagwa kinayeyushwa na madini ya risasi ili fedha nayo irudi. Hakuna kinachopotea. Ukiniuliza kitu kimoja cha kuwavulia kofia hawa jamaa ni hicho, siyo kijito. Dhahabu ya mtoni imetoka kwa Mungu, chumvi na chungu ni akili zao.

Maisha yao ya kawaida je? Wagiriki waliwatamani na kuwasema hapohapo, kama kawaida ya majirani. Sappho, mshairi wa kike wa kisiwa cha Lesbo, anaimba kuhusu kilemba cha rangi kutoka Sardis ambacho hawezi kumpatia binti yake, na kuhusu viatu vya Lydia vya kazi nzuri. Xenophanes, mshairi wa mji wa Kigiriki wa Kolofoni, yeye alikasirika, anasema watu wa mji wake walijifunza anasa zisizo na faida kwa Walydia, wanaingia sokoni elfu nzima wamevaa zambarau wananukia mafuta. Yale mafuta yalikuwa yanauzwa kwenye vijitungi vya udongo vyenye mguu, vinaitwa lydion, vimeokotwa mpaka Italia. Na ile rangi haikwisha na ufalme, miaka mia sita baadaye yule Lidia wa kwenye Matendo ya Mitume, muuza zambarau, alitoka Thiatira, ambayo leo ni Akhisar, hapo kaskazini ya Manisa.

Herodotus anasema wao ndo wa kwanza kuwa wachuuzi wa rejareja, na eti waligundua dadu na mpira wakati wa njaa ya miaka 18, siku moja wanacheza mchana kutwa wasikumbuke chakula, siku ya pili wanakula hawachezi. Miaka 18! Mimi siamini ila nimeipenda.

Ambayo si hadithi ni hii. Sardis kumechimbuliwa seti kama 30 za vyombo, kila moja ina chungu, jagi, kikombe, sahani na kisu cha chuma, na ndani ya chungu mifupa ya kambwa mdogo aliyechinjwa. Zimefukiwa kwa heshima kabisa. Inaonekana ilikuwa sadaka, chakula cha mungu fulani, na mbwa mwenyewe hakuliwa. Nawaona mnavyokunja sura, subirini.

Herodotus anasema desturi zao zilifanana na za Wagiriki isipokuwa mabinti wa watu wa kawaida walijiuza mpaka wakusanye mahari yao na wakachagua waume wenyewe. Ukweli wa hilo nani anajua, Wagiriki walipenda kuwasema wanawake wa wenzao. Lakini anaongeza jambo kwenye kaburi la Alyattes: lilijengwa na wachuuzi, mafundi na mabinti hao, na juu yake kulikuwa na nguzo tano zilizoandikwa kila kundi lilifanya kiasi gani, na sehemu ya mabinti ndo ilikuwa kubwa kuliko zote. Kaburi lipo. Ng'ambo ya Gediz, mahali panaitwa Bin Tepe, kuna vilima vya makaburi zaidi ya mia, na la Alyattes lina kipenyo cha mita 355 hivi na kimo zaidi ya 60. Herodotus alilinganisha na kazi za Misri na Babeli tu. Mwaka 2025 UNESCO iliiweka Sardis na Bin Tepe kwenye Urithi wa Dunia, na nyuma yake kulikuwa na ziwa, ziwa la Gyges, siku hizi Marmara Gölü, limekauka, wavuvi wamehama.

Kuanguka kwao nako ni ramani. Upande wa mashariki mpaka uliwekwa kwenye mto Halys, leo Kızılırmak, baada ya Alyattes kupigana na Wamedi, watu wa huko Iran, miaka mitano mpaka jua likapatwa katikati ya vita, inakubalika ni 28 Mei 585 KK, wote wakaogopa wakafanya amani kwa kuozeshana na kuchanjana mikono na kulambana damu. Udugu wa kuchanjiana, babu zetu wangeuelewa mara moja. Croesus akauvuka mto huo akampige Koreshi wa Uajemi, baada ya waaguzi wa hekalu la Delphi kule Ugiriki kumwambia akivuka ataangusha dola kubwa, hakuuliza ya nani. Vita ya kwanza ikawa sare, akarudi Sardis akawaruhusu askari wa kukodi waende makwao, akatuma watu Misri, Babeli na Sparta kwamba tukutane baada ya miezi mitano. Koreshi hakungoja. Akatokea kwenye tambarare mbele ya Sardis, akawapandisha watu wake ngamia wa mizigo akawaweka mbele, farasi wa Lydia wakanusa ngamia wakageuka, sifa yote ya jeshi ikaishia hapo, wapanda farasi wakashuka kupigana kwa miguu. Mji ukazingirwa siku 14. Askari mmoja wa juu ngomeni akaangusha kofia yake, akateremka jabali kuifuata akapanda tena, adui akamuona. Kesho yake wakapanda njia hiyohiyo. Wasparta walikuwa wameshaandaa meli, habari ikawafikia mji umekwisha kuanguka. Na hata zingewahi, meli zingefika wapi? Sardis hadi baharini ni kilomita 90 hivi.

Hii ni kama 547 au 546 KK. Wachimbaji wa Harvard na Cornell, ambao wapo Sardis tangu 1958, waliukuta ukuta wa mji, unene mita 20, umechomwa na kuporomoka, na chini ya kifusi kijana wa miaka ishirini na kitu, kofia yake ya chuma karibu, mkononi bado ameshika jiwe.

Waajemi hawakuubomoa mji, waliona kazi yake. Waliufanya makao ya gavana na kituo cha Barabara ya Kifalme iliyokwenda mpaka Susa, safari ya siku 90 kwa miguu kwa hesabu ya Herodotus, na sarafu za simba na ng'ombe wakaendelea kuzipiga miaka kadhaa. Udalali ulibaki palepale, tajiri tu amebadilika.

Kuhusu ile hazina ya Karun kwa kifupi sababu naona saa. Ni ya baada ya Croesus, zama za Waajemi. Wanakijiji wa Güre waliifukua 1965 na 1966, ikauzwa kinyemela ikaishia kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York, Uturuki ikafungua kesi 1987, vitu 363 vikarudi 1993. Halafu 2006 ikagundulika pambo maarufu kuliko yote, farasi wa baharini mwenye mabawa, limeibwa hapohapo makumbusho ya Uşak na kuwekwa la bandia, mkurugenzi akafungwa, la kweli likapatikana Ujerumani likarudi 2013.

Wanaotaka kwenda wiki ijayo, treni ya Alaşehir inaondokea Basmane inapita bonde lote, shukeni Salihli mchukue dolmuş, yale mabasi madogo, anzieni karakana ya dhahabu kabla ya hekalu la Artemi maana wote wanakimbilia hekalu, na Bin Tepe tuchange gari. Haya, maswali. Na wewe wa mbwa, uliza tu.